Kuichagulia Lugha ya Programu Maskoti: Mazingatio kwa Wabunifu wa Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Maskoti ni kiumbe, aghalabu mnyama, anayeteuliwa na watu wanaoshughulikia jambo moja ili asimame mahali pa jambo hilo, naye hutofautiana na nembo kwa kuwa nembo ni alama isiyobadilika inayobandikwa juu ya kitu kama muhuri, ilhali maskoti ana macho na tabia, anaweza kuchorwa akilala, akikimbia au akibeba mzigo, na bado akatambulika kuwa ni yuleyule. Lugha ya programu nayo ni mfumo wa maneno na kanuni ambao mtu huutumia kuiandikia kompyuta maagizo, na maagizo hayo yakishaandikwa huitwa msimbo. Kwa kuwa lugha ya namna hiyo haishikiki wala haionekani, waundaji wengi wamezoea kuiazimia sura, na ndiyo sababu Go, lugha iliyotangazwa Novemba 2009, ina mnyama mdogo mchimbaji wa Amerika Kaskazini mwenye tabia za fuko, Rust ina kaa, PHP ina tembo wa buluu, na Java ina Duke, kijitu chenye pua nyekundu kisichofanana na kiumbe yeyote anayejulikana.

Wapo wanaouona uteuzi huo kuwa mchezo wa kumalizia kazi, jambo la kuamuliwa jioni moja na yeyote mwenye kipaji cha kuchora. Mtazamo huo una hasara kubwa kwa lugha changa, hasa inayokusudiwa kufundishwa mahali ambapo wanafunzi wengi hukutana na programu kwa mara ya kwanza ubaoni, kabla hawajagusa kompyuta, kwa sababu mahali hapo maskoti ndiye kitu cha kwanza ambacho mwanafunzi anaweza kukishika akilini na kwenda nacho nyumbani. Kwa hiyo kipimo kinachopendekezwa katika makala haya ni kimoja: maskoti afaaye ni yule ambaye wajifunzao lugha wanaweza kumchora kwa mikono yao, kumtaja bila kusita mbele ya wazazi wao, na kumtumia bila kuomba ruhusa ya mtu. Mengine yote, yakiwemo uzuri wa mchoro na uhusiano wake na jina la lugha, huja nyuma ya hayo matatu.

Suala hili linaihusu Simiyu kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Lugha za programu zenye maneno ya Kiswahili zimekwisha kuwepo, na mfano ulio wazi ni Nuru, lugha iliyobuniwa na wanaprogramu wa Kitanzania na kujengwa kwa kutumia Go, ambayo humwezesha mwanafunzi kuandika maagizo kwa maneno anayoyajua tangu utotoni, kama vile andika, kama, sivyo, wakati na rudisha. Jambo lililowezekana kwa Nuru linawezekana kwa kikundi chochote cha vijana walio Bariadi, Maswa au Mwanhuzi, na mkoa huo, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kuumega hasa Mkoa wa Shinyanga, una hazina mbili ambazo mbunifu wa maskoti angezitamani popote duniani: umepakana na mfumo wa ikolojia wa Serengeti, na wakazi wake wengi ni Wasukuma, watu ambao vyama vyao vya ngoma vimekuwa vikishindania watazamaji kwa alama na maumbo tangu karne ya 19.

Yafaa kuanza na ukweli ambao wakazi wa vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Maswa huenda wasiujue, kwamba mmoja wa maskoti wenye umri mkubwa zaidi katika ulimwengu wa programu ni jirani yao. Mwezi Septemba 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuunda programu huria, yaani programu ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa, na maskoti wa mradi huo ni nyumbu, yule yule ambaye makundi yake yanayozidi milioni moja huzunguka kila mwaka kati ya Serengeti na Maasai Mara. Jina la mradi lilitokana na mchezo wa herufi wa wanaprogramu wa Marekani, likaangukia neno ambalo kwa Kiingereza ni jina la nyumbu, na Etienne Suvasa akachora kichwa chake chenye ndevu na pembe zilizopinda. Mnyama wa Afrika Mashariki akawa sura ya kazi kubwa ya kielimu pasipo mtu wa Afrika Mashariki kuulizwa, na hakuna ubaya katika hilo, kwani wanyama hawana hakimiliki. Lakini funzo lililomo ni la kuzingatiwa. Nyumbu aliyechorwa Marekani ni mpole na mwenye hekima, ilhali katika mazungumzo ya siasa ya Tanzania kumwita mtu nyumbu ni kumtukana kuwa anafuata kundi bila kufikiri. Kikundi cha Bariadi kikimchukua nyumbu kwa kuwa ni wa nyumbani na ana heshima duniani, kitajikuta kinawafundisha watoto kufikiri chini ya sura ya kiumbe ambaye mtaani ni mfano wa kutofikiri.

Mfano wa pili ulio karibu ni wa MySQL, programu ya kuhifadhi na kupanga taarifa inayoagizwa kwa lugha ya SQL, ambayo maskoti wake ni pomboo. Waanzilishi wake walipotaka kumpa pomboo huyo jina waliwaalika watumiaji wapendekeze, na kutoka katika orodha ndefu wakachagua Sakila, jina lililoletwa na Ambrose Twebaze, mwanaprogramu mwenye asili ya Uganda aliyekuwa Swaziland, nchi inayoitwa leo Eswatini, ambaye alieleza kwamba jina hilo lina mizizi katika Kiswati na kwamba pia ni jina la mji ulioko Arusha, Tanzania. Mashindano hayo yana faida mbili ambazo kikundi kidogo kinaweza kuziiga bila gharama: waliopendekeza majina walijiona kuwa sehemu ya kazi hata kama majina yao hayakushinda, na jina lililoshinda likawa fupi, lenye silabi zilizo wazi, ambalo Mfini, Mganda na Mswati wote hulitamka vilevile. Kwa Simiyu kipimo cha namna hiyo ni rahisi kukitumia, kwa maana jina lisemwe na mtoto wa Kinyantuzu wa Bariadi anayezungumza Kisukuma nyumbani, kisha lisemwe na mwalimu aliyehamishiwa huko kutoka Mtwara au Pemba, na likibadilika matamshi kati ya hao wawili lirudishwe kapuni.

Ugumu halisi, hata hivyo, umo katika maana ambazo viumbe na vitu wanazo tayari kabla mbunifu hajawagusa, na hapo ndipo mifano ya nje hupotosha zaidi. Tembo wa PHP, aliyechorwa na Mfaransa Vincent Pontier mwaka 1998 baada ya kuona kwamba herufi tatu za jina la lugha hiyo zikitazamwa kwa ubavu hufanana na mnyama huyo, amependwa kiasi cha kushonewa vidoli ambavyo wanaprogramu hukusanya kwa shauku. Katika vijiji vya Meatu, Itilima na Busega vilivyo karibu na hifadhi, tembo ni mnyama anayeingia shambani usiku, akamaliza mahindi ya msimu mzima, na wakati mwingine akaua mtu. Mwanafunzi aliyelala macho akipiga madebe kulinda shamba la mama yake hatafurahishwa na tembo anayetabasamu juu ya daftari lake. Vivyo hivyo ndege aitwaye kwelea, ambaye kundi lake angani lingempendeza mchoraji, kwa mkulima wa mtama ni balaa linalohitaji ndege ya kunyunyiza dawa.

Wapo viumbe wengine ambao kuwachagua ni kosa zito kuliko la kutopendeza. Fisi ana akili, ana taya zenye nguvu, anaishi kwa ukoo, na mbunifu asiyejua mazingira angeweza kumtetea vizuri kabisa. Lakini katika Usukuma imani ya kwamba wachawi huwafuga fisi na kuwapanda usiku ina mizizi mirefu, na katika mikoa ya Kanda ya Ziwa tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya wanawake wazee wasio na hatia, jambo ambalo familia nyingi bado zinalibeba. Hakuna lugha ya programu iliyo muhimu kiasi cha kulichezea jeraha hilo. Bundi naye, ambaye kwa Wazungu ni ishara ya elimu na kwa sababu hiyo hujitokeza kwenye vitabu vya shule vinavyoletwa kutoka nje, akilia juu ya paa katika sehemu kubwa ya Tanzania huhesabiwa kuwa mkosi. Mfano wa kimataifa wa kosa la aina hii ni FreeBSD, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoongoza kompyuta yote, ambao kwa miaka mingi ulitambulishwa kwa kijishetani chekundu chenye uma mkononi. Sababu ilikuwa ya kitaalamu, kwamba wanaprogramu wa Kiingereza huziita kwa jina la kale la mapepo zile programu zinazofanya kazi chinichini bila kuonekana; lakini ilibidi sababu hiyo ielezwe upya kila mara, na mwaka 2005 mradi ukaendesha shindano la kutafuta nembo nyingine isiyohitaji utetezi. Maskoti anayehitaji kutetewa msikitini na kanisani kabla ya somo kuanza amekwisha kumnyang'anya mwalimu muda wake.

Halafu kuna mpira na siasa, ambazo hakuna mtu wa Bariadi atakayezisahau kwa ajili ya kompyuta. Simba ni klabu, na kumteua ni kuwapoteza wapenzi wa Yanga siku ya kwanza. Twiga ni mnyama wa taifa, naye tayari yumo kwenye ndege za Air Tanzania, kwenye mifuko ya saruji na kwenye jina la timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, kwa hiyo anayemchora hujiunga na foleni ndefu. Tumba la pamba lingeonekana kuwa chaguo la wazi kwa mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha zao hilo, lakini pamba haina macho, imo kwenye Ngao ya Taifa, na Pamba Jiji ya Mwanza ni timu ya Ligi Kuu yenye wapenzi wake na wapinzani wake. Jembe, ambalo wachezaji wa ngoma ya Bugobogobo hulirusha na kulizungusha kwa ustadi unaostaajabisha, limo kwenye bendera ya Chama Cha Mapinduzi pamoja na nyundo. Rangi nazo zichunguzwe kwa jicho lilelile: kijani na njano zikiwa pamoja husomwa kuwa ni Yanga au CCM, nyekundu na nyeupe ni Simba, na zambarau imekwisha kuchukuliwa na ACT-Wazalendo. Huenda msomaji akaona tahadhari hizi zimezidi, lakini maskoti ni wa wote au si wa mtu, na mtoto wa kada wa chama kimoja ana haki ya kujifunza bila kuhisi kwamba amevalishwa sare ya chama kingine.

Zikishaondolewa hizo zote, mbunifu asidhani kwamba amebaki mikono mitupu, maana ngoma za Wasukuma zina mafunzo yanayojenga. Masimulizi ya Wasukuma yanawataja Ngika na Gumha, wacheza ngoma na waganga wa karne ya 19, kuwa ndio chanzo cha vyama viwili vikubwa vinavyoshindana hadi leo, Bagika na Bagalu, na katika mashindano hayo, yanayofanyika baada ya mavuno, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Hakuna hakimu anayetoa alama kwa kalamu. Watazamaji hutembea kwa miguu yao kuelekea wanakopendezwa, na wakichoka huhama. Ili kuwavuta, wachezaji wamekuwa wakibuni vitu vya kushtukiza, vikiwemo vinyago vya mbao na nyoka walio hai, na kitu kisichovuta huachwa msimu unaofuata bila huzuni. Vifaa vya ngoma hizo vinaweza kuonwa katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, na kikundi kinachobuni maskoti kingefaidika zaidi na siku moja huko kuliko na juma zima la kutazama maskoti wa lugha za Ulaya.

Utaratibu huo wa uwanjani unaweza kuhamishiwa darasani karibu bila kubadilishwa. Michoro miwili, na isizidi miwili kwa mara moja, ibandikwe kwenye kuta zinazotazamana, kila mmoja ukiwa na zoezi fupi la msimbo chini yake, kisha wanafunzi waachwe waende watakako pasipo kuulizwa kwa nini na pasipo kunyoosha vidole, kwa sababu anayenyoosha kidole humtazama kwanza rafiki yake, ilhali anayekwenda kusoma zoezi husahau kwamba anapimwa. Walimu na waundaji wa lugha wasiwepo, au wakiwepo wasiseme lolote. Jambo la kuandikwa kwenye daftari ni lile la ngoma, yaani ni wangapi waliobaki upande upi baada ya shamrashamra ya kwanza kwisha.

Vyama vingine vya ngoma vinafundisha tahadhari ya ndani zaidi. Bayeye ni chama cha wachezesha nyoka ambao pia ni waganga wa sumu ya nyoka, na chatu wao, anayezungushwa mwilini mbele ya halaiki, ni kiumbe cha heshima na hofu kwa pamoja. Ndiyo maana nembo ya lugha ya Python, yenye nyoka wawili waliokumbatiana, inaweza kupokewa Simiyu kwa uzito ambao mbuni wake, Mholanzi Guido van Rossum, hakuukusudia, kwa kuwa alipoitoa lugha hiyo mwaka 1991 jina alilitoa kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Uingereza. Banunguli nao ni chama kinachotokana na wawindaji wa nungunungu, na kijana mwenye haraka angeweza kusema kwamba nungunungu basi ndiye maskoti wa kienyeji aliyekwisha kuidhinishwa na mila. Hapo amekosea shabaha, kwani nungunungu aliwindwa kwa kuwa alikuwa akiharibu mashamba, na aliyesifiwa katika ngoma hiyo ni mwindaji. Mila haichukuliwi kipande kwa sababu kipande hicho kina miiba inayochoreka vizuri. Wazee wa chama husika waulizwe kwanza, na wakisema hapana, jibu lao lipokelewe.

Katika viumbe wanaobaki, kanga anastahili kuzingatiwa kwa makini, naye atumike hapa kuonyesha jinsi vipimo vinavyofanya kazi. Ni ndege anayeonekana porini na anayefugwa uani, hutembea kwa makundi, hupiga kelele akiona hatari, hana klabu, hana chama cha siasa, wala hahusishwi na uchawi. Kasoro yake, kwamba hufukua mbegu zilizopandwa karibuni, inafidiwa machoni pa mkulima na wingi wa wadudu anaowala. Lakini sifa yake kubwa huonekana mtu anaposhika chaki, na Simiyu si mkoa wa kukosa chaki, kwani zinatengenezwa humo humo Maswa. Mwalimu huchora duara lililobanwa juu kuwa mwili, shingo fupi nyembamba, kichwa kidogo chenye kipembe utosini, na miguu miwili. Kisha hugusa ubao kwa ncha ya chaki mara nyingi ndani ya mwili, na weusi wa ubao wenyewe unageuka kuwa manyoya, na nukta za chaki zikawa madoa. Hakuna rangi inayohitajika wala kipaji cha pekee, na mwanafunzi wa darasa la nne humaliza mchoro huo kabla mwalimu hajafuta tarehe.

Madoa hayo, zaidi ya kupendeza, hubeba somo. Kompyuta huhifadhi kila kitu kwa hali mbili tu, sifuri na moja, na wanafunzi wengi hukwama hapo kwa sababu hawaoni ni vipi hali mbili ziwe namba, herufi au picha. Kanga akichorwa akiwa na nafasi nne za madoa mgongoni, ambazo kutoka kulia kwenda kushoto zina thamani ya moja, mbili, nne na nane, doa lililopo likihesabiwa kuwa moja na lililokosekana kuwa sifuri, basi kanga mwenye doa katika nafasi ya kwanza na ya tatu anasema tano, na darasa zima linaweza kuchora kanga wa umri wa kila mmoja, mradi usizidi 15. Mwenye miaka 16 hugundua mwenyewe kwamba anahitaji nafasi ya tano. Maskoti anayeweza kufanya kazi ya namna hiyo ni wa thamani kuliko yule anayekaa kwenye jalada. Scratch, lugha ya kufundishia watoto iliyotolewa mwaka 2007 na Maabara ya Media ya chuo cha MIT cha Marekani, imelielewa jambo hili vizuri, kwani paka wake ndiye anayetii maagizo: mtoto humwambia atembee hatua kumi naye akatembea, na msimbo ukawa na matokeo yanayoonekana kabla maelezo hayajaanza.

Iwapo lugha ina jina lenye maana iliyo wazi, kishawishi cha kuchora jina hilo huwa kikubwa. Lugha yenye jina kama Nuru, kwa mfano, ingeweza kumchukua kimulimuli, ambaye ana mwanga na pia ana macho na mabawa, na huyo angekuwa bora kuliko taa au mshumaa, vitu visivyoweza kukimbia wala kushangaa. Hata hivyo uhusiano wa jina na kiumbe si sharti; hakuna kinachomfungamanisha mchimbaji wa Go na kazi ya lugha hiyo, na bado amezoeleka kiasi kwamba wanaprogramu wa Go duniani kote hujiita kwa jina lake.

Sehemu ya mwisho ni ya haki, nayo ndiyo inayoahirishwa mara nyingi kuliko zote, ingawa madhara yake hayatengenezeki baadaye. Ngamia wa lugha ya Perl ndiye onyo linalotosha. Larry Wall aliitoa Perl mwaka 1987, na mwaka 1991 kampuni ya O'Reilly ikachapisha kitabu chake kikiwa na picha ya ngamia kwenye jalada; wanaprogramu wakampenda ngamia huyo, wakaanza kuiita lugha kwa sura yake, lakini alama ya biashara, yaani haki ya kisheria ya kutumia ishara fulani katika biashara, ilikuwa ya mchapishaji, hivyo taasisi inayosimamia Perl ikalazimika kutumia nembo ya kitunguu. Watu wa Perl walimpenda maskoti ambaye si wao. Kwa upande wa pili wapo waliotangulia kuachilia: mchoro wa Go, kazi ya Renée French, unaruhusiwa kutumiwa na kubadilishwa na yeyote kwa sharti la kumtaja mchoraji, kampuni ya Sun iliuweka mchoro wa Duke wa Java chini ya leseni huria mwaka 2006, na kaa wa Rust, aitwaye Ferris, aliachiwa umma bila masharti na mchoraji wake, Karen Rustad Tölva. Faida ya uamuzi huo wa mwisho ilionekana mwaka 2023, pale rasimu ya kanuni za matumizi ya jina na nembo ya Rust ilipozua malalamiko makubwa miongoni mwa wanaprogramu, huku kaa, ambaye hakuwahi kuwa rasmi, akibaki mikononi mwa wote.

Kwa Tanzania Bara, hakimiliki ya mchoro huanza pale unapochorwa, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, hupokea usajili wa kazi za sanaa chini ya sheria ya mwaka 1999, usajili ambao husaidia kuthibitisha nani aliyetangulia. Alama ya biashara husajiliwa na BRELA, hudumu miaka 7 ya mwanzo na baada ya hapo huhuishwa kila baada ya miaka 10, na usajili huo hauvuki bahari kwenda Zanzibar, ambayo ina msajili wake. Kikundi kisicho na fedha hakina haja ya kukimbilia BRELA mwaka wa kwanza. Kinachotakiwa mapema, siku ile ile mchoraji anapokubali kazi na kabla hajaonyesha rasimu ya kwanza, ni karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi na kutiwa sahihi na pande zote, inayosema mchoraji amelipwa nini, jina lake litatajwa wapi, nani ana ruhusa ya kuuza fulana na vidoli, na kwamba walimu na wanafunzi wanaruhusiwa kuchora, kubadili na kuchapa maskoti bila malipo. Mchoraji kijana asinyimwe malipo kwa kisingizio kwamba lugha ni huria, kwani uhuria wa kazi humhusu mtumiaji, na jasho la aliyeifanya bado lina bei.

Mchoro wenyewe ukabidhiwe katika faili la aina ya vekta, yaani picha inayohifadhiwa kama mistari na vipimo, ambayo haififii ikikuzwa kuwa bango wala ikipunguzwa kuwa alama ya simu, pamoja na toleo la wino mmoja kwa ajili ya wachapaji wa fulana na mihuri. Faili hizo ziwekwe mahali pamoja na msimbo wa lugha ili anayechukua lugha achukue na maskoti, na nakala ya ile karatasi ya makubaliano iambatanishwe hapo hapo, kwa kuwa wanakikundi watahama, wataoa na kuolewa, wataajiriwa Dar es Salaam au Dodoma, na swali la ni nani aliyemruhusu mwalimu wa Lagangabilili kumchapa kanga kwenye mitihani yake litakuja wakati hakuna hata mmoja wao aliyebaki Bariadi kulijibu.